Manati, upinde au mzinga wa hewa? Kuchagua kifaa cha kupitisha kamba kwenye miti mirefu

Kila nikishusha vifaa kwenye gari kuna mtu atauliza "hiyo inafika mita ngapi?" na mi huwa nawarudishia swali lingine, je itashuka? Kwa sababu kupeleka kitu juu ya tawi sio ishu bwana, mtoto yeyote wa kijijini mwenye manati anaweza kuvusha kokoto juu ya mvule, shughuli ipo kwenye kukirudisha chini upande wa pili kikiwa kinaburuta uzi nyuma yake, juu ya gome lenye makwaruzo, kupitia majani na mitambaazi. Hapo ndo watu wanapoteza siku nzima, na hapo ndo mashine ya bei mbaya inashindwa na kifuko kidogo kilichojazwa chembe za madini ya risasi, cha kurusha kwa mkono.

Kwa ambaye hajui hii kazi, sisi tunaopanda kukusanya mbegu au kufunga kamera au kuangalia okidi huko juu tunakutana na miti ambayo tawi la kwanza la maana liko mita 20 au zaidi, na viatu vya misumari havifai kwa mti unaotaka uendelee kuishi maana kila hatua ni kidonda. Kwa hiyo unapitisha uzi mwembamba juu ya tawi imara, ule uzi unavuta kamba nene kidogo, hiyo nayo inavuta kamba ya kupandia ya milimita 10 au 11, afu unavaa hanesi (mikanda ya kupandia) unapanda kamba, mti wenyewe huugusi mpaka ufike juu.

Sasa tupige hesabu kidogo maana ndo inaamua kila kitu. Uzi wa kurushia wa Dyneema (nyuzi za plastiki nyepesi na imara sana) wa kama milimita 2 una uzito wa gramu moja na nusu hadi mbili kwa kila mita, kwa hiyo ukivuka tawi la mita 40 upande wako kunaning'inia gramu 60 mpaka 80. Ongeza msuguano: uzi ukizunguka nusu duara juu ya tawi moja lenye gome la kawaida, uzito wa upande wa kushuka unatakiwa uwe kama mara tatu ya upande wa nyuma ndo uanze kuteleza. Tatu mara 70 ni 210. Ndo maana vifuko vingi vya kazi hii vina gramu 280 hadi 400, havijakadiriwa kwa macho. Na hiyo ni tawi moja tu, ukilala juu ya matawi mawili msuguano hauongezeki kwa kujumlisha, unazidishana, na gome likiwa limelowa ukungu na kuvumwani kama huku Amani Usambara Mashariki ndo balaa zaidi.

Ukishaielewa hiyo hesabu utaona kwa nini mshale mtupu wa gramu 30 hauwezi kabisa kushuka na uzi wa Dyneema, utabaki unaning'inia juu au utarudi kinyumenyume upande wako. Mshipi wa kuvulia wa milimita 0.3 ni habari nyingine, mita 40 zake hazifiki hata gramu 4, hapo mshale unashuka vizuri tu.

Haya, vifaa vyenyewe.

Mkono kwanza. Wengi wanaudharau, lakini kwa tawi la mita 15 mpaka 20 mkono uliozoea unafanya kazi haraka kuliko kitu chochote cha kufungua na kuunganisha, na unalenga vizuri kuliko vyote. Bembeza kifuko kwa mikono miwili katikati ya miguu, achia, uzi utoke kwenye ndoo au juu ya turubai ulilotandika ili usinase vijiti. Kama miti yako ni misaji na grevilea za shambani unaweza usinunue kitu kingine maisha yako yote.

Afu manati. Nazungumzia ile kubwa ya panda ya chuma juu ya mpini wa kama mita 2.4, unausimika chini, unavuta ngozi kwa uzito wa mwili wote afu unaachia. Ya kiwandani inayojulikana zaidi ni BigShot, lakini nimeona mafundi wetu wanachomelea panda nzuri tu, ishu iko kwenye mpira. Mpira wa tyubu ya baiskeli ni mzito kurudi, unapoteza nguvu, mpira wa mviringo wa bunduki ya kuchokolea samaki ambao wapiga mbizi wa pwani wanautumia ndo unakaribia ule wa kiwandani. Na mpira ni kitu cha kukagua kila asubuhi kwa kuuvuta na kuangalia vijiufa, jua letu linaua mpira haraka sana, ukikatika ukiwa umeuvuta unarudi usoni, kwa hiyo miwani na helmeti hata kama unajiona mtaalamu.

Manati inapeleka kifuko cha gramu 300 mita 30 bila shida na mwenye mkono mzuri anagusa 40. Uzuri wake ni kwamba unarusha uzito halisi, ukivuka unashuka wenyewe, uzi ni ule ule wa kuvutia kamba inayofuata, hatua moja imepungua. Ubaya wake ni kulenga, yaani kati ya matawi mawili yaliyokaribiana utarusha sana, na kwenye msitu mzito huna nafasi ya kusimama mbali ukaona tawi. Kama una hela ya kifaa kimoja tu na miti yako ni ya msitu wa kawaida, nunua hiki, mjadala umeisha.

Upinde. Huu ndo uliofungua miti mikubwa duniani, mtafiti Don Perry kule Costa Rica miaka ya 70 alikuwa anatumia upinde wa mtambo kupitisha mshipi kwenye miti ya msituni, na watafiti wa miredwood ya California, miti mirefu kuliko yote duniani, kina Steve Sillett nao walitumia mshale na mshipi. Cha kujifunza kwao ni kwamba mshale haukupigwa kileleni. Mredwood unaoitwa Hyperion ulipimwa mwaka 2006 ukawa mita 115.55 na hamna mtu anayehitaji kurusha uzi mita 115, unapiga tawi imara la chini linalofikika, unapanda hapo, kisha unasogea juu tawi kwa tawi kwa kurusha kifuko kwa mkono. Hata kwa mkukusu wa Kilimanjaro uliotangazwa 2016 kuwa na mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopimwa Afrika, mantiki ni ile ile, usinunue kifaa kwa urefu wa mti, nunua kwa urefu wa tawi lako la kwanza.

Ukiamua upinde, tafuta mshale wa kuvulia samaki wa faiba glasi, huo una gramu 80 mpaka 100 kwa hiyo unashuka hata mshipi ukilala juu ya matawi mawili matatu. Toa ncha weka kitu butu, ncha kali inazama kwenye tawi na hapo umeagana nayo. Rili ya mshipi iwe ya kufunguka kwa uhuru kabisa, na mshipi ufungwe mbele ya mshale kwenye kipete kinachoteleza, usifunge nyuma karibu na kamba ya upinde maana ukijisokota pale mshale unageuka na kukurudia wewe. Mshipi uwe wa rangi inayowaka, njano au chungwa, la sivyo utakuwa unautafuta kwa kupapasa. Mshipi ukishuka, funga uzi wa kurushia, vuta taratibu, na zile hatua zako sasa ni tatu, sio mbili, kila fundo linalopita kwenye panda ya mti lizungushie utepe liwe laini kama mkia wa panya.

Halafu kuna suala la sheria ambalo watu wanaliruka. Upinde ni silaha. Ukikutwa nao ndani ya hifadhi bila barua, askari hana sababu yoyote ya kuamini kwamba wewe ni wa mbegu, kwa hiyo kibali kiutaje upinde kabisa kwa jina na mishale idadi. Manati kubwa haina usumbufu huo kwa kiasi hicho lakini iandike tu.

Mizinga ya hewa, ile unajaza kwa pampu inapuliza kifuko, ni kweli inalenga vizuri kuliko manati na inafika juu zaidi. Mi sibebi. Nzito kwenye miinuko, mipira midogo ya kuzuia hewa ikiharibika uko porini huna pa kuipata, na mlio wake unaamsha msitu mzima pamoja na nyuki. Na tafadhali wale mnaotengeneza kwa mabomba ya PVC acheni, bomba la maji halijatengenezwa kubeba hewa iliyoshindiliwa, likipasuka linatoka vipande vyenye makali.

Droni zinafaa kwa mti uliosimama peke yake. Ndani ya msitu uliofunga haipiti, na bado kuna kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania.

Nyuki nimewataja juu juu, niseme vizuri: kabla hujarusha chochote zungukia mti kwa darubini dakika chache, angalia matundu, angalia mizinga ya nyuki ya watu, angalia matawi makavu yaliyonasa, maana kifuko cha gramu 300 kikigonga mzinga saa nne asubuhi hamna manati itakayokusaidia. Na nguzo za umeme karibu na mti ni sababu ya kufungasha vitu na kuondoka.

Kifuko kikinasa, usikivute kirudi kupitia panda ile ile. Kama kimeshafika chini upande wa pili kifungue, vuta uzi mtupu. Kama kimenasa juu usizungushe uzi mkononi, funga kwenye kijiti, vuteni kwa pembe nyingine na wote mkae pembeni, sio chini ya mstari, kikichomoka kinakuja kama risasi.

Kabla ya kupanda, watu wawili mnaning'inia kwenye kamba na kuruka ruka kidogo huku wa tatu ana darubini anaangalia tawi. Likitoa sauti, hama tawi.

Na kama mti ni wa kurudia kila msimu wa mbegu, ukishuka acha uzi mwembamba umezunguka tawi lile lile, ncha zote mbili zimefungwa juu ya kimo cha mtu. Nailoni inachoka kwa jua na kindi wanatafuna, kwa hiyo msimu ujao usiuamini kwa mwili wako, uutumie kuvutia uzi mpya tu, na huo mpya ukishapita wa zamani unaukata.