Zana za Makombe ya Baharini: Lipi Litumike na Lipi Lisiguswe

Tangu wanafunzi waanze kuagizwa walete vifaa vya kazi za mikono kutoka katika mazingira yao, ofisi yetu imekuwa ikipokea malalamiko ya wazazi ambao watoto wao wamenyang'anywa makombe ufukweni Nyali na Bamburi. Malalamiko hayo tunayaelewa, ila mengi yametokana na dhana potofu kwamba kombe tupu halina mwenyewe.

Mbuga ya Taifa ya Bahari ya Mombasa na hifadhi inayoizunguka zilitangazwa mwaka 1986. Ndani ya mbuga hairuhusiwi kuvua wala kuondoa kiumbe au gamba lake. Katika hifadhi, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa kwa masharti. Anayekiuka Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hufikishwa mahakamani, na akipatikana na hatia hutozwa faini, hufungwa, au hupewa adhabu zote mbili. Kusema "nimeliokota tu, sikuliua" si utetezi, na tumechoka kuusikia: gamba tupu ni makao ya kaa wasio na gamba lao wenyewe, na likisagika huwa mchanga wa ufuo huohuo tunaoulilia unapomomonyoka.

Zana nzuri, hata hivyo, haihitaji kombe la mwambani. Kombe lenye mifuo la jamii ya Anadara, ambalo nyama yake huliwa, lilitumiwa na wafinyanzi wa kale kutia nakshi kwa kugandamiza ukingo wake kwenye udongo mbichi, na alama hizo zinaonekana katika vigae vya Komoro vya karne ya 9 na ya 10. Anayetaka kikwangulio alichemshe kombe, aondoe nyama yote, kisha asugue ukingo kwenye jiwe la kunolea lililoloweshwa, upande wa ndani pekee, hadi kidole kikipitishwa kwa wepesi kihisi makali. Kikwangulio hicho hupara samaki na kusawazisha kuta za chungu kibichi. Kikiwa butu hunolewa tena. Maji ni ya lazima, kwa kuwa vumbi la kombe hudhuru mapafu. Wako wanaolichoma kombe wakidhani litakuwa gumu zaidi. Moto mkali huligeuza chokaa.

Konokono wa bahari mwenye umbo la pia asishikwe kabisa akiwa hai, kwani baadhi yao wana mwiba wa sumu inayoweza kuua mtu. Kombe kubwa la jamii ya Tridacna, nalo, halisafirishwi nje ya nchi bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kibali hicho hupatikana kabla ya safari. Risiti ya duka si kibali.

Mwalimu anayehitaji makombe ayaombe kwa wapishi na wauzaji wa chaza, wanaoyatupa kila siku, na aandike mahali alikoyapata pamoja na tarehe, ili askari wa mbuga akiuliza, mtoto asiachwe ajibu peke yake.