Kwa Nini Chanjo Ianzie Mbeya? Dhana na Ukweli Kuhusu Njama na Wanaoziamini

Dhana: Anayeamini njama ni mtu asiye na shule.

Machi 2022 kampeni ya matone ya polio kwa watoto wa chini ya miaka mitano ilianzia mikoa minne tu: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Mzazi wa Uyole anayeuliza "kwa nini sisi, kwa nini si Dar?" macho yake yako sawa. Mpangilio ameuona, na mpangilio upo kweli. Alichokosa ni sababu, na asiyepewa sababu hujitafutia: wanatufunga uzazi, wanatujaribia dawa.

Sababu yenyewe ilikuwa ng'ambo ya mto Songwe. Februari mwaka huo Malawi ilitangaza kwamba mtoto wa miaka mitatu wa Lilongwe alikuwa amepooza kwa kirusi cha polio cha asili, chenye nasaba na kile kilichokuwa kikizunguka Pakistan. Afrika ilikuwa imetangazwa kuwa huru na kirusi hicho Agosti 2020. Sasa, polio ina ubaya mmoja: kati ya watu kama 200 wanaoambukizwa, anayepooza ni mmoja hivi. Wengine wanatembea nacho bila kujua, na kinasambaa kwa uchafu wa choo. Kwa hiyo mtoto mmoja aliyepooza Lilongwe ni dalili ya wengi wasioonekana, na sisi ndio tunaopakana nao, kwa daraja la Kasumulu, kwa Ileje, na kwa boti za Ziwa Nyasa upande wa Ludewa na Mbamba Bay. Awamu iliyofuata ikaenda nchi nzima.

Sijui kwa nini maelezo mafupi namna hii hayabandikwi kwenye ukuta wa kila zahanati. Yangeokoa mabishano mengi.

Shule peke yake haikingi mtu. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Jennifer Whitson na Adam Galinsky, walionyesha kwamba mtu akifanywa ajione hana mamlaka juu ya mambo yanayomkuta, huanza kuona picha hata kwenye madoadoa yasiyo na picha, na kuhisi njama pasipo na njama. Mfikirie mkulima wa viazi wa Uporoto ambaye mbolea hupangiwa bei na wengine, na gunia lake hupangiwa bei na wengine. Kumwambia "hakuna aliyepanga, ni soko tu" ni kumwachia hasira isiyo na mwenyewe. Hadithi ya njama humpa mtu wa kumlaumu.

Dhana: Hakuna njama, ni maneno ya vijiweni.

Zipo. Kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende huko Tuskegee, Alabama, bila kuwatibu, hata penisilini ilipopatikana. Mwaka 2011 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilitumia kampeni bandia ya chanjo Abbottabad, Pakistan, likimsaka Osama bin Laden. Watoa chanjo wa kweli wa nchi ile wakabaki kulipia kosa hilo.

Na hapa nyumbani tuna kashfa ya kampuni ya Richmond. Mkataba wa umeme wa dharura wa 2006 ulichunguzwa na kamati teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe, wakati huo mbunge wa Kyela, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, huku akikana kufanya kosa.

Angalia hilo la Richmond lilivyojulikana. Kulikuwa na mkataba, tarehe, mashahidi walioitwa, ripoti iliyosomwa bungeni hadharani, na mtuhumiwa akapata nafasi ya kukana. Ile sauti inayorushwa kwenye grupu la ukoo, "nimeambiwa na daktari mmoja mkubwa", haina hata kimoja kati ya hivyo.

Dhana: Mitambo ya 5G ndiyo ilileta korona.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 2020. Huduma ya 5G ilizinduliwa Tanzania mwaka 2022. Tuendelee.

Dhana: Anayepinga njama anameza kila anachoambiwa na wakubwa.

Nenda Kalenga, nje kidogo ya Iringa mjini, ukalione fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ilirudishe. Lilirudi 1954, baada ya gavana wa Tanganyika, Edward Twining, kulichagua kati ya mafuvu mengi ya makumbusho ya Bremen, kwa kulinganisha vipimo vya kichwa na vya ndugu zake. Kuuliza kama kweli ni lenyewe si utovu wa adabu kwa Wahehe. Vipimo vya kichwa ni ushahidi dhaifu, na mtu makini anaweza kusema hivyo huku akivua kofia mbele ya fuvu. Asichofanya ni kuruka kutoka "ushahidi hautoshi" hadi "walituletea la uongo makusudi". Hilo la pili nalo linadai ushahidi wake.

Dhana: Uvumi haumuui mtu.

Oktoba 2016 watafiti wawili wa udongo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji waliowadhania kuwa wanyonya damu. Ilikuwa kijiji cha Iringa Mvumi, ambacho licha ya jina kiko Chamwino, Dodoma. Mwaka uliofuata uvumi huohuo uliua watu kusini mwa Malawi.

Dhana: Ukimpa ushahidi ndiyo unamkaza.

Mara nyingi kinachomkaza ni dharau. Utafiti uliochapishwa 2024 na Thomas Costello na wenzake uliwakutanisha Wamarekani zaidi ya 2,000 na programu ya kompyuta iliyojibu hoja walizoandika wao wenyewe, moja baada ya nyingine. Imani yao katika njama waliyoitaja ilishuka kwa wastani wa karibu moja ya tano, na miezi miwili baadaye ilikuwa bado iko chini.

Kwa hiyo acha "shangazi, acha ushamba". Anza na "shikamoo shangazi, hii sauti umerushiwa na nani?", kisha "ni kipi hasa kinachokutia wasiwasi?" Akisema ni ile mikoa minne, mweleze Lilongwe. Ukimpa hotuba juu ya faida za chanjo kwa ujumla, hujajibu alichouliza.

Wapo wasiobadilika. Utafiti mmoja wa Uingereza wa 2012 ulikuta kwamba waliozidi kuamini Binti Mfalme Diana aliuawa ndio hao hao waliozidi kuamini kuwa alijifanya amekufa. Mtu wa namna hiyo usikeshe naye. Lakini ndani ya grupu kuna wengine wanaosoma bila kuandika, wana watoto, na kampeni ni kesho. Waandikie hao: tarehe, mahali, nani kasema, na wapi wanaweza kwenda kuhakikisha.