Tipu si hiba

Kazi yangu ni kujazia watu fomu za kodi. Februari alinijia kijana mmoja wa Tanga, shati jeusi la kazini bado linanuka vitunguu vya kukaanga. Anahudumu mezani kwenye mgahawa wa nyama hapa Houston. Akaniwekea W-2 yake, karatasi ya mwajiri ya kipato cha mwaka: dola 11,310 kwa mwaka mzima. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, unaishi kwa hizi?" Akacheka. "Hizo za karatasi tu, dada. Tipu, bakshishi wanazoacha wateja, ziko pembeni. Ile si mshahara, mtu kanipa kwa ridhaa yake. Ni hiba."

Neno hilo nimelisikia kwa lafudhi zote. Mkenya huniambia ni ya chai, Mkongo ni matabishi, na wote hukusudia jambo lilelile: hela isiyoandikwa mahali. Kila msimu wa kodi naeleza, kila msimu narudi mwanzo.

Hiba ni ile anayokupa shangazi kwa sababu wewe ni mtoto wa kaka yake. Anayekuachia dola 12 chini ya sahani hata jina lako hajalishika. Kakupa kwa kuwa nyama ilifika ya moto na glasi yake hukuiacha ikauke. Hayo ni malipo ya kazi, na sheria ya kodi ya Marekani inayahesabu kuwa kipato, yawe ya keshi, ya kadi au ya kutumwa kwenye simu. Ukipata kuanzia dola 20 kwa mwezi katika kazi moja, unatakiwa kumwandikia mwajiri jumla yake kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Ukikaa kimya, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inaweza kukutoza adhabu ya nusu ya makato ya Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya uzeeni) uliyoyakwepa, juu ya makato yenyewe.

Lakini adhabu si ndiyo inayonitia uchungu. Tufanye hesabu za kijana wangu. Texas inafuata kima cha serikali kuu kwa wanaopokea tipu, kwa hiyo mwajiri anamlipa dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijasogezwa tangu 1991. Kwa saa 30 za wiki ni dola 63.90. Tipu anapata kama dola 500 kwa wiki. Meneja amewafundisha waandike tipu za kuifikisha saa kwenye dola 7.25 tu, kima cha chini cha kawaida, ili yeye asilazimike kujazia pengo, basi. Ndiyo ile 11,310. Kipato chake cha kweli kinapita dola 29,000.

Sasa, huyu kijana ni raia wa Marekani na ana mke Tanga, anataka kumleta. Amekuja kwangu hasa kwa sababu hiyo, anataka karatasi za kodi za kuambatanisha na fomu ya udhamini, I-864. Kwa kaya ya watu wawili, kipato cha chini cha mdhamini kwa 2025 kilikuwa dola 26,437. Mfukoni amevuka, kwenye karatasi hajafika hata nusu. Ofisa wa ubalozi hasomi mfuko. Nikamwambia, akanyamaza kama mtu aliyemwagiwa maji. Ameficha hela miaka mitatu, na aliyefichwa ni mkewe.

Na angeandika zote, ingemgharimu nini? Makato ya Social Security na Medicare ni asilimia 7.65. Kwa tipu ambazo hakuzionyesha, hiyo ni kama dola 1,378 kwa mwaka, chini ya dola 27 kwa wiki. Kodi ya mapato ya serikali kuu ingekuwa sifuri, nitaeleza kwa nini. Kodi ya jimbo Texas hatuna. Yaani kwa bei ya kusuka nywele mara moja na nusu kwa mwezi angekuwa na mke wake hapa, na pensheni ingehesabiwa kwa kipato kamili. Ukienda benki kuomba mkopo wa nyumba, nao watataka karatasi za kodi. Hakuna benki itakayokubali kuhesabu noti za mtungini.

Kuna kitu huwatisha wengi: wakiandika tipu zote, cheki ya wiki inakuja na dola 20, au haina kitu kabisa. Wanadhani wameibiwa. Makato ya tipu hutolewa kwenye ule mshahara wa 2.13, kwa sababu tipu zenyewe mmeshaondoka nazo. Cheki tupu kwa mhudumu wa mezani ni dalili kwamba vitabu viko sawa.

Basi Julai 2025 ikapitishwa sheria mpya, na simu yangu haikupumzika. "Dada, wamefuta kodi ya tipu, kumbe tulikuwa sahihi!" Hapana. Sheria inakuruhusu kuondoa hadi dola 25,000 za tipu kwenye kipato kinachotozwa kodi ya mapato, kwa miaka ya kodi 2025 hadi 2028, na wenye kipato cha zaidi ya dola 150,000 wanapunguziwa nafuu hiyo. Social Security na Medicare zinakatwa kama kawaida. Na unaondoa ulichoandika. Tipu ambayo haipo kwenye karatasi huwezi kuiondoa, kwa kuwa kwa IRS haikuwahi kuwepo. Ndiyo maana nikasema sifuri: tipu za kijana zikiandikwa, na akijaza fomu pamoja na mkewe, nafuu hii pamoja na lile punguzo la kawaida, kiasi cha kipato kisichotozwa kodi, vinaumaliza mzigo wote. Sababu ya kuficha imekufa, watu bado wanaficha kwa mazoea.

Ushauri wangu wenye kuchosha ni ule ule: daftari. La dola moja, likae kwenye aproni. Kila usiku kabla hujawasha gari andika tarehe, keshi, kadi, na ulichowagawia wa baa na wasafisha meza. Hicho ulichogawa si kipato chako, na usipokiandika utakitolea makato wewe. Msiniletee picha za simu.

Mengine kwa ufupi.

Ile asilimia 18 inayowekwa yenyewe kwenye bili ya meza kubwa si tipu, hata kama imeandikwa hivyo. Mteja hakuwa na hiari. Ni mapato ya mgahawa, ukigawiwa ni mshahara, na nafuu ya sheria mpya haiigusi.

Meneja hana haki ya kuchota kwenye tipu zenu. Tangu 2018 sheria ya serikali kuu inakataza mameneja na wasimamizi kujiwekea tipu za wafanyakazi. Kugawana na wenzenu wa kazi inaruhusiwa.

Dola 2.13 si ya nchi nzima. California, Washington, Oregon, Nevada, Montana, Minnesota na Alaska mhudumu analipwa kima kamili cha jimbo, halafu tipu juu yake. Mwenye ndugu Minneapolis asishangae W-2 zao zinavyong'aa.

Kuhusu migahawa isiyopokea tipu, naulizwa sana kama huko ndiko kwenye neema. Danny Meyer, mwenye migahawa, alijaribu New York kuanzia 2015: bei ikapanda, tipu ikafutwa, wa jikoni wakaongezwa mshahara. Wahudumu wa mezani wengi wakahama, maana Jumamosi moja nzuri kwenye mgahawa wa jirani wenye tipu iliwalipa zaidi. 2020 akarudisha tipu. Ukiitwa kazi mahali pa namna hiyo, uliza kiwango cha saa na saa ngapi kwa wiki, kisha linganisha na daftari lako. (Huna daftari? Nilisema.)

La mwisho ni la upande wa pili wa meza, na hapa nitawaudhi. Tunakwenda watu kumi na wawili baada ya harusi, tunakaa saa tatu, tunaagiza maji ya moto na limao mara nne, tunaacha dola tatu na "kwetu hatuna desturi hiyo". Desturi ya hapa ni asilimia 15 hadi 20. Migahawa mingi humtaka mhudumu awagawie wenzake kwa kupigia mauzo, si tipu aliyopata, kwa hiyo bili yenu ya dola 300 inaweza kumtoa hela mfukoni. Yule kijana wa Tanga ndiye aliyeniambia. Anasema akiona kundi la Waswahili linaingia, humwomba mwenzake abadilishane naye meza.