Kinachokufa Haraka ni Noti, si Uzi: Dhana Potofu Kuhusu Nyuzi za Besi

"Usizitoe hizo nyuzi, fundi. Ndizo zinazonipa sauti ya zamani."

Kama kuna kauli inayonikera kwenye kazi hii ya kutengeneza magitaa, ni hiyo. Gitaa la besi linaletwa mezani na nyuzi za raundi, zile zilizozungushiwa waya wa mviringo, zilizoota kutu. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, hausimami kwenye tyuni kuanzia freti ya tano kwenda juu (freti ni vile vipande vya chuma shingoni), na mwenyewe anataka nirekebishe shingo, briji (kiegemeo cha nyuzi mwilini mwa gitaa), pikapu (kinasa mlio), kila kitu isipokuwa hizo nyuzi. Anatafuta besi ya bluzi-roki ya mwishoni mwa miaka ya 1960: nene, butu, inayosukuma wimbo bila makelele. Ukimbana, hoja yake huwa moja tu: mbona James Jamerson alikuwa habadilishi nyuzi?

Sawa. Jamerson, yule mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, alisifika kweli kwa kuuacha uzi mpaka ukatike wenyewe. Ila wanaomtaja hawasemi ni uzi gani. Kwenye besi yake ya umeme, Fender Precision ya 1962, alifunga flati za kampuni ya La Bella, tena zile nzito, za inchi 0.052 kwenye G, uzi mwembamba zaidi, hadi 0.110 kwenye E. Flati huzungushiwa utepe bapa wa chuma, kwa hiyo uso wake ni laini na hauna mifereji. Jasho na uchafu wa vidole hubaki juu, ukipitisha kitambaa vinatoka. Siku za mwanzo huwa na mng'ao kidogo, kisha hutulia, na zikishatulia hukaa hivyo miaka. Jamerson hakuwa na nyuzi zilizokufa. Alikuwa na nyuzi zilizotulia.

Raundi ni habari nyingine kabisa. Waya wake wa mviringo huacha mfereji kati ya kila mzunguko na mwenzake, na humo ndimo yanamoingia mafuta ya ngozi, jasho, vumbi la jukwaani na, kwa sisi wa pwani, chumvi iliyomo hewani. Uchafu huo haujai kwa usawa. Hujaa zaidi pale vidole vinaposhinda, na uzi unakuwa mzito hapa, mwepesi pale. Uzi wa namna hiyo hauwezi kutikisika kwa mpangilio. Ndiyo maana E ikiachwa wazi inakubali kwenye tyuna, ukibana freti ya saba inakataa, na hakuna marekebisho ya briji yatakayoiponya. Mwenye besi anasikia ubutu, anadhani ni utamu wa uzee. Mpiga solo aliyesimama pembeni yake anasikia besi iliyo nje ya tyuni, ila ni mstaarabu tu hasemi.

Kachukue rekodi zenyewe usikilize kwa makini. Donald "Duck" Dunn wa Booker T. & the M.G.'s ndiye aliyempigia besi mwanabluzi Albert King pale Stax, kampuni ya rekodi ya Memphis, mwaka 1966 na 1967, na alikuwa mtu wa Precision na flati. Vijana wa London walizimeza rekodi hizo. Cream, bendi ya London, waliurudia mmoja wa nyimbo hizo mwaka 1968. Noti za Dunn ni butu, ndiyo, lakini kila moja imesimama mahali pake. Rudi nyuma zaidi hadi Chicago, kwenye rekodi za kampuni ya Chess za miaka ya 1950, utakuta besi kubwa la kusimama la Willie Dixon likifanya jambo lilelile: noti inaanza nene, inafika, inaondoka. Huo ufupi ndio watu wanaouita "sauti ya zamani". Kinachokufa haraka ni noti, si uzi.

Na ufupi huo haukuachiwa bahati. Besi za Fender za enzi hizo zilitoka kiwandani na kifuniko cha chuma juu ya briji, na ndani yake kulikuwa na kipande cha kuzima mlio wa nyuzi. Carol Kaye, mpiga besi wa studio kule Los Angeles, alitumia kipande cha kitambaa kizito karibu na briji, na juu ya hapo akapiga kwa piki, kile kipande kidogo cha kukwanyulia nyuzi. Kwa hiyo mteja anayeniambia hana hela ya flati namjibu jibu moja, na wengine wameshachoka kulisikia: tafuta sponji. Kata kipande chenye upana wa kidole, kichomeke chini ya nyuzi mbele kidogo ya briji, kiguse tu, kisizibe. Funga raundi mpya za nikeli, punguza kitufe cha toni, hamisha mkono wako wa kulia usogee upande wa shingo. Utakuwa karibu na Memphis kuliko kutu yoyote itakavyokufikisha, na utabaki kwenye tyuni.

Kuna wanaokubali kwamba nyuzi zao zimechoka lakini hawataki kununua, basi wananiuliza kuhusu kuzichemsha. Maji ya moto huyeyusha mafuta na kutoa sehemu ya uchafu, ni kweli, na jioni hiyo mng'ao unarudi. Lakini freti zilikwisha kuuchimba uzi kwa chini, na maji uliyoyaacha ndani ya mifereji yanaanza kazi yao ya kutu usiku huohuo. Ni sawa na kufua shati lililochanika: linatakata, tundu liko palepale. Ukilazimika, ziloweke kwenye spiriti usiku kucha, zikaushe vizuri, na ujue umenunua muda mfupi tu. Flati usizichemshe hata kidogo. Hazina mifereji ya kusafisha, na huo utulivu unaotaka kuuondoa ndio ulioulipia.

Wengine huniambia: "Flati ni za wapiga jazi, roki inataka raundi." Angalia miaka. Precision ilitoka 1951 ikiwa na flati, na kwa miaka mingi flati ndizo zilizokuwa nyuzi za kawaida za besi la umeme. Raundi ambazo roki inazijua leo zilikuja baada ya John Entwistle, mpiga besi wa The Who, kukaa na watengenezaji wa nyuzi wa Rotosound, Uingereza, mwaka 1966, wakatafuta nyuzi ambazo zote nne zitalia kama piano. Baada ya hapo wengi walihama, hilo silipingi. Kama unayemfuata ni Entwistle, basi nunua raundi za chuma kisichoshika kutu, uzibadilishe mara kwa mara, wala usinisikilize habari za sponji. Lakini huwezi kumtaja Albert King halafu ukaniambia flati haziwezi bluzi.

Unene nao una hadithi yake. Watu wanaamini uzi mnene ndio wenye besi nyingi, na mteja wa aina hii huagiza seti yenye E ya inchi 0.110 kabla hata hajauliza. E ya besi ni mitetemo 41 kwa sekunde, iwe uzi ni mnene au mwembamba. Unachoongeza ni uzito wa uzi, na ukiwa na uzito zaidi kwenye urefu uleule na noti ileile, lazima uvutwe kwa nguvu zaidi. Seti ya kawaida ya 0.045 hadi 0.105 tayari inaivuta shingo kwa takriban kilo 80. Uzi mzito unavumilia mkono mzito bila kugonga freti, na una kishindo chake, ndiyo. Lakini mkono ukiwa mwepesi utapata uzi mgumu usiosema kitu, shingo iliyopinda, na mifereji ya nati (kiegemeo cha nyuzi kwenye ncha ya shingo) ambayo lazima niitanue kwa tupa. Mifereji hiyo ukija kurudi kwenye nyuzi nyembamba itakuwa mipana mno. Jack Bruce alipata mngurumo wake akiwa na Cream kwa Gibson EB-3, besi fupi (inchi 30.5 toka nati hadi briji badala ya 34), ambako nyuzi za unene uleule zinakaa legevu zaidi. Njia ya sauti nene si moja.

Hapohapo nimalizane na wanaosema flati zote ni ngumu kama waya wa uzio. Flati za Thomastik-Infeld, kutoka Vienna, ni za 0.043 hadi 0.100, na zinajulikana kwa ulaini wake. Nyingine ni ngumu kweli. Soma kilo za mvuto zilizoandikwa kwenye pakiti au kwenye tovuti ya mtengenezaji. Unene peke yake hautakwambia, kwa sababu kiini cha ndani hutofautiana.

Nikeli tupu? Ni laini zaidi masikioni kuliko chuma kisichoshika kutu, haikwaruzi sana chini ya vidole, na kwa raundi ndiyo ninayoipendekeza kwa bluzi. Uchawi haina.

Na kununua chapa aliyotumia fulani ili usikike kama fulani: Jamerson alipiga kwa kidole kimoja cha shahada, na La Bella hawauzi kidole.

La mwisho ni la ufundi, nalo limewatia hasara wateja wangu kadhaa: "Uzi ni uzi, kata ufunge." Flati hazikatwi hivyo. Pima kwanza hadi kwenye ufunguo wa kutyuni, ongeza urefu wa kutosha mizunguko miwili au mitatu, ukunje uzi pembe mraba mahali hapo, ndipo ukate mbele ya mkunjo. Ukikata bila kukunja, utepe wa nje unaweza kuteleza juu ya kiini na uzi mpya ukafa siku hiyohiyo. Na kama besi yako ni fupi, usinunue flati za besi ndefu ukidhani utapunguza tu. Sehemu nene itaishia kuzungushwa kwenye ufunguo, na hapo ndipo zinapovunjika. Huku kwetu kumpata anayeuza E ya flati peke yake ni bahati. Ukiiharibu, umenunua seti nzima upya.