India, China na visiwa vidogo vya Bahari ya Hindi

Tarehe 29 Februari 2024, mawaziri wakuu wa India na Morisi walizindua kwa njia ya video uwanja wa ndege na gati jipya huko Agaléga, visiwa viwili vya minazi vilivyo zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Morisi. Wakazi wake ni kama 300. Njia ya kurukia ndege ina urefu wa mita 3,000. Kwa watu 300 wanaoishi kwa nazi na uvuvi, urefu huo umepita mno mahitaji yao. Kwa ndege kubwa za doria zinazosaka nyambizi, unatosha kabisa. Serikali zote mbili zinakana kwamba hapo pana kambi ya jeshi. Hata hivyo aliyegharamia ujenzi ni India, na ili kuelewa kwa nini, inabidi tuanzie mbali na bahari, kwenye milima ya Himalaya.

India na China zilipigana vita huko mwaka 1962, na mpaka haujakubaliwa hadi leo. Juni 2020, katika bonde la Galwan, askari 20 wa India waliuawa katika mapigano ya marungu na mawe. China ilikiri kupoteza wanne. Kwenye mpaka ule China imekaa pazuri zaidi. Iko juu kwenye uwanda wa Tibet, na bajeti yake ya ulinzi ni zaidi ya mara tatu ya ile ya India.

Baharini mambo yanageuka. India imechomoza katikati ya Bahari ya Hindi, na mafuta mengi ambayo China inanunua Ghuba ya Uajemi na Afrika hupita mbele yake kabla ya kuingia mlango wa bahari wa Malacca, njia nyembamba kati ya Malaysia na kisiwa cha Sumatra cha Indonesia. Rais wa China wa wakati huo, Hu Jintao, alieleza hofu yao mwaka 2003: adui akiuziba mlango ule, uchumi wa China utakabwa koo. India inalijua hilo vizuri. Tangu 2001 ina kamandi ya pamoja ya vikosi vyake katika visiwa vya Andaman na Nicobar, ambavyo ncha yake ya kusini haifiki kilomita 200 kutoka Sumatra.

China ilijibu kwa kuja huku kwetu. Desemba 2008 ilituma manowari zake Ghuba ya Aden kupambana na maharamia wa Kisomali, na hazijaondoka tangu hapo. Mwaka 2014 nyambizi yake ilitia nanga Colombo, Sri Lanka, na New Delhi ikashtuka. Mwaka 2017 ikafungua Jibuti kambi yake ya kwanza ya kijeshi nje ya nchi.

Mara nyingi tunapima nguvu ya taifa kwa kuhesabu meli zake. China ina jeshi la majini lenye meli nyingi kuliko lolote duniani, na meli tatu za kubeba ndege za kivita. India inazo mbili, ya karibuni ikiwa Vikrant, iliyojengwa Kochi na kuanza kazi Septemba 2022. Lakini manowari hula. Inahitaji mafuta, maji baridi, chakula, vipuri, na mabaharia wake wanahitaji kushuka nchi kavu. Ikiwa maelfu ya kilomita kutoka nyumbani, itategemea meli ya kuihudumia au nchi itakayoipokea. Kwa sababu hiyo naamini kwamba ushindani huu wa dola mbili kubwa za Asia unaamuliwa kwa sehemu kubwa na nchi za visiwa, ambazo baadhi yake watu wake wote wangeenea katika mji mmoja wa wastani wa India.

Mfano unaonivutia zaidi ni Shelisheli. India ilitaka kujenga kituo cha kijeshi katika kisiwa cha Assumption, ambacho kiko karibu na Mtwara kuliko kilivyo karibu na Victoria, mji mkuu wa nchi yake. Makubaliano yalifikiwa 2015 na yakaandikwa upya Januari 2018. Wananchi wakaandamana. Wengine waliogopa nchi yao kuingizwa katika ugomvi usiowahusu. Wengine walikiwazia kisiwa jirani cha Aldabra, makao ya kobe wakubwa na urithi wa dunia tangu 1982. Upinzani, uliokuwa na wingi wa viti bungeni tangu 2016, ukakataa kuridhia mkataba. Juni 2018 Rais Danny Faure akatangaza kwamba hataupeleka bungeni, na mpango ukaishia hapo. Na urafiki haukuvunjika! India iliendelea kuipa Shelisheli boti za doria, ndege na rada za pwani. Tumezoea kusema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, lakini hapa nchi yenye watu wapatao laki moja ilisema hapana na fahali akasikia.

Maldivi ilikwenda njia nyingine. India iliwahi kupeleka askari wake kuzima jaribio la mapinduzi mwaka 1988, na mwaka 2014 ilisafirisha maji ya kunywa mtambo wa maji wa mji mkuu, Malé, ulipoungua. Hata hivyo Mohamed Muizzu alishinda urais mwaka 2023 akiahidi kuwaondoa wanajeshi wa India, na kufikia Mei 2024 wote walikuwa wameondoka, nafasi zao zikichukuliwa na mafundi wa kiraia. Miezi mitano baadaye, hazina ya fedha za kigeni ikiwa imekauka, Muizzu alikuwa New Delhi akipata msaada wa kubadilishana sarafu wenye thamani ya mamia ya mamilioni ya dola. Wapo waliomcheka. Mimi naona alijua bei ya mahali nchi yake ilipo.

Kuhusu Sri Lanka, kuna habari iliyoenea sana ambayo inafaa irekebishwe: kwamba China iliinyang'anya bandari ya Hambantota kwa sababu ya deni. Mwaka 2017 serikali iliikodisha kwa miaka 99 kwa kampuni ya Kichina na kupata zaidi ya dola bilioni 1.1. Fedha hizo ziliingia kwenye akiba ya fedha za kigeni, na mkopo wa ujenzi ukabaki palepale. Sehemu kubwa zaidi ya madeni ya nje ilitokana na hati fungani zilizouzwa katika masoko ya kimataifa. Sri Lanka haikupoteza usemi wake pia: kwa mwaka mzima wa 2024 ilizuia meli za kigeni kufanya utafiti katika maji yake, baada ya India kulalamika kuhusu zile za China.

Huku pwani yetu ushindani huo umeshafika. Kati ya Julai na Agosti 2024, Tanzania ilifanya mazoezi ya kijeshi na China na Msumbiji. Aprili 2025 ikaandaa pamoja na India mazoezi ya majini jijini Dar es Salaam, Kenya, Komoro na nchi nyingine za Afrika zikishiriki. Hakuna kati ya wageni hao wawili aliyepewa kambi. Siku mmoja wao akiomba, ombi halipaswi kuishia katika ofisi za serikali: ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge la Tanzania madaraka ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa, na ni katika hatua hiyohiyo ya bunge ambapo mkataba wa Assumption ulikwama.