Kila mwaka Venus: kicheko cha Daumier

Mei 1864, wasomaji wa Le Charivari, gazeti la vichekesho la Paris lililotoka kila siku, walifungua ukurasa wakakutana na wanawake wawili wa makamo kwenye maonyesho ya sanaa. Wamejisitiri kuanzia kofia hadi vitambaa vya mabegani, na nyuma yao ukuta umefurika picha za wanawake walio uchi, fremu kwa fremu. Nyuso zimekunjamana. Maneno ya chini, ambayo ni ya mmoja wao, kwa tafsiri yangu: “Mwaka huu tena Venus (mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi)... Venus tu kila wakati! Utadhani kuna wanawake walioumbwa hivyo!”

Aliyechora ni Honoré Daumier, mchoraji wa vichekesho wa Kifaransa. Kazi yangu ni picha za chapa, na nimeziona nyingi za kwake (litografia peke yake, yaani picha zilizochapwa kwa jiwe, zinakaribia 4,000), lakini hii bado hunichekesha.

Ili uipate vizuri, rudi nyuma mwaka mmoja. Kwenye Salon ya 1863, maonyesho makubwa ya serikali, mchoraji Alexandre Cabanel alileta picha ya Venus amelala juu ya mawimbi, laini mwili mzima, kana kwamba hana mfupa hata mmoja. Mfalme Napoleon III akainunua. Basi wachoraji nao wana macho. Waliona soko liko wapi. Isitoshe, Salon zilizotangulia zilikuwa za kila baada ya miaka miwili, na 1864 ndipo ziliporudi kuwa za kila mwaka. Hilo “mwaka huu tena” lina uchungu wake.

Wengi huieleza picha hii kirahisi: Daumier anawacheka wanawake wa tabaka la kati wanaokwenda Salon ili nao waonekane watu wa sanaa, kumbe hawaelewi kitu. Kucheka anawacheka, sikatai. Ila mimi naona mama huyu anayelalamika kasema kweli. Kanuni za chuo cha sanaa hazijui, lakini mwili wa mwanamke anaujua kuliko Cabanel. Kichekesho kikubwa zaidi kipo ukutani. Bwana mwenye heshima zake asingethubutu kutundika sebuleni picha ya jirani yake akiwa uchi. Mwite jirani huyo Venus, na picha inakuwa ustaarabu. Jina la mungu wa kike ndilo lilikuwa kibali.

Daumier mwenyewe alijua gharama ya kuchora wakubwa. Mwaka 1832 alifungwa kwa kumchora Mfalme Louis-Philippe kama jitu linalomeza mali ya wananchi. Chini ya Napoleon III nako siasa haikuguswa ovyo, kwa hiyo penseli ikageukia sebule, ngazi za nyumba za kupanga, na Salon. Le Charivari lilikuwa limemwachisha kazi 1860, likamrudisha mwishoni mwa 1863.

Hiyo mikunjo ya uso ni mkono wake hasa. Katika litografia mchoraji huchora kwa kalamu ya mafuta moja kwa moja juu ya jiwe la chokaa. Jiwe hulowanishwa, wino wa mafuta hupitishwa, nao hushika palipochorwa tu kwa kuwa penye maji unakataa. Hakuna fundi wa kati wa kuchonga upya mstari. Maneno ya chini ndiyo mara nyingi yaliandikwa na wengine gazetini. Ukipata nakala, igeuze: iliyotoka ndani ya gazeti huwa na habari zilizochapwa nyuma, na herufi huonekana kidogo upande wa picha. Wakusanyaji hupenda zile safi za karatasi nyeupe. Mimi napendelea hizi za gazeti. Ndizo alizoshika msomaji aliyekuwa akichekwa.

Mwaka uliofuata, 1865, mchoraji Édouard Manet alipeleka Salon picha yake Olympia: mwanamke wa Paris, uchi, anakutazama usoni, wala hajifanyi mungu. Watu walifoka na kuikejeli kiasi kwamba ikahamishiwa juu kabisa, juu ya mlango.