Umeme uliokatika na umeme uliozimwa

Mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimeshika kasi, nilikuwa Tabata nikibadilisha taa za sebuleni kwenye nyumba ya familia. Saa sita mchana umeme wa mtaa mzima ukakatika. Mama mwenye nyumba akatoka jikoni amefurahi: “Fundi, bahati yako hiyo! Malizia basi kabla haujarudi.”

Nilishuka ngazi nikamwambia, “Samahani mama, hapa ndipo tunaposubiri.” Hakunielewa, na simlaumu, kwa sababu hata mafundi wengi huona umeme ukikatika ndipo pa kufanyia kazi kwa amani. Kwangu mimi ni wakati mbaya kuliko yote, na sababu zake ni tatu.

Ya kwanza kila mtu anaijua: umeme haupigi hodi unaporudi. Ya pili ni majenereta. Mitaani kwetu kuna watu wenye kebo ya plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta, upande wa pili kwenye soketi ya ukutani. Asipozima meinswichi yake, umeme huo unatoka nje kupitia mita, unaingia kwenye nyaya za mtaa na kufika kwa jirani. Unamfikia pia fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo akiamini laini imelala. Kebo ya namna hiyo nikiikuta kwa mteja, naikata plagi moja mbele ya macho yake kisha namweleza kuhusu swichi ya kubadilishia, ile inayoruhusu chanzo kimoja tu kwa wakati mmoja.

Sababu ya tatu haisemwi sana: umeme wa mtaa ukiwa umekatika, huna pa kukipima kipimo chako. Kipimo kikikaa kimya kwenye waya, kinaweza kuwa na maana mbili, waya hauna umeme au kipimo kimekufa. Ili uzitofautishe, unakigusisha kwanza kwenye chanzo unachojua kina umeme, uone kinafanya kazi. Kisha unapima waya wako. Kisha unarudi tena kwenye kile chanzo, kwa sababu kipimo kinaweza kufia mkononi kati ya jaribio la kwanza na la pili. Mtaa mzima ukiwa gizani chanzo hicho hakipo, isipokuwa uwe na kile kifaa kidogo cha betri kinachotoa volti za kujaribia vipimo. Mafundi wachache wanacho.

Na ninaposema kipimo, sisemi testa ya bisibisi. Kitaa chake huwaka kwa sababu umeme kidogo sana unapita kwenye mwili wako kuelekea ardhini. Ukiwa juu ya ngazi ya mbao na viatu vya mpira, kinaweza kisiwake kabisa wakati waya una volti 230. Juani hukioni hata kikiwaka. Maltimita nayo ina hatari yake: kitufe cha kuzungusha kikiwa kwenye upande usio wa volti, jibu ni la uongo, na kikiwa kwenye ampea unaweza kusababisha shoti mkononi mwako. Kinachofaa ni kipima volti cha ncha mbili, kisicho na kitu cha kuchagua. Unapima laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), laivu na ethi (waya wa ardhini), nyutro na ethi. Kwenye fezi tatu, yaani jengo lenye laivu tatu, vipimo vinakuwa kumi, na nawasihi vijana wasiruke hata kimoja.

Rangi za waya msizichukue kama ushahidi. Kwa mpangilio wa zamani wa Uingereza, ambao nyumba nyingi zetu zilifuata, nyeusi ni nyutro na buluu ni fezi. Uingereza yenyewe ilianza kubadili mwaka 2004 ili ilingane na Ulaya: sasa buluu ni nyutro na nyeusi ni mojawapo ya fezi. Madukani kwetu kebo za mipangilio yote miwili zinauzwa, na kuna majengo yenye zote mbili.

Umeme ulirudi saa tisa. Nikazima breka ya taa, nikaifunga kwa kufuli dogo la breka, ufunguo nikautia mfukoni mwangu. Kibandiko cha onyo peke yake hakitoshi kwenye nyumba yenye watoto na wageni. Nikathibitisha kipimo, nikapima mara tatu, nikathibitisha kipimo tena. Kimya kote.

Hapo zamani ningeshika koleo. Lakini miaka kadhaa iliyopita, Kigamboni, nilifanya yote hayo sawasawa, kisha nikaachanisha nyutro mbili darini nikapigwa hadi nikaanguka kutoka kwenye ngazi. Nyutro ile ilikuwa ya kuazima. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameongeza soketi ya friji, laivu akaitoa jikoni na nyutro akaichukua kwenye taa iliyokuwa karibu ili kuokoa mita chache za waya. Kwa hiyo breka ya taa ikizimwa, umeme wa friji bado unarudi kupitia nyutro ya taa. Nyutro ikiwa imeungana, volti zake ziko karibu na sifuri na kipimo hakioni kitu. Ukiiachanisha, ncha ya upande wa friji inapanda hadi volti 230 kupitia mota, na anayeshika ncha zote mbili ndiye anayekuwa njia ya kurudishia. Breka ndogo za kawaida hazikusaidii hapo kwa sababu zinakata laivu tu.

Tangu siku ile, kabla sijafungua nyutro yoyote nazungushia mita ya kubana, ile inayokumbatia waya bila kuukata, na kusoma ampea za umeme unaopita. Kule Tabata ilionyesha ampea 0.8 kwenye waya niliokuwa nimeuzima. Friji ya mama ilikuwa inafanya kazi. Nikazima meinswichi, ambayo kwenye fezi moja inakata laivu na nyutro kwa pamoja, nikaihamishia kufuli, nikaanza kupima upya kutoka mwanzo.

Nyutro za kuazima zina madhara mengine. Saketi, yaani njia za umeme za nyumba, zikiwa chini ya breka tofauti za kuzuia uvujaji, zile za miliampea 30, breka hizo zinajikata kila mara kwa sababu umeme unaotoka haulingani na unaorudi. Mwenye nyumba anachoka, anaita mtu, na mtu huyo anaiondoa breka. Ndivyo familia inavyobaki bila kinga.

Nyutro za saketi mbili zikiwa zimeungana mahali fulani, kuzigundua si kazi ngumu ukiwa na mega, kifaa kinachopima kama umeme unavuja kati ya waya na waya. Umeme wote ukiwa umezimwa na kuthibitishwa, ondoa nyutro zote kwenye bodi, kisha pima nyutro ya saketi moja dhidi ya nyingine. Mega inatuma volti 500 za umeme mnyoofu (DC), kwa hiyo chomoa televisheni, friji na taa za LED, na hakikisha hakuna mtu anayegusa waya mahali popote ndani ya nyumba. Ukimaliza, acha mega iutoe umeme uliobaki kwenye waya kabla hujaushika. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1, ila waya mpya ukinisomea 2 au 3 silali. Natafuta maji kwenye mabomba ya ukutani au msumari uliotoboa kebo. Nyumba za karibu na bahari husoma chini zaidi wakati wa masika, na hapo narudi kupima kiangazi kabla sijaamua kubomoa ukuta.

Nyutro ya taa na ya jikoni kule Tabata zilisoma sifuri, yaani zilikuwa zimeungana, kama nilivyotarajia. Tulivuta nyutro mpya ya friji hadi kwenye bodi, kazi iliyochukua saa moja na nusu na mita 14 za waya. Nikapima tena: zaidi ya megaomu 200. Nikaandika vipimo vyote kwenye karatasi pamoja na tarehe, nikaibandika ndani ya mlango wa bodi, nikatoa kufuli.